Koti la Fundi Mashoto na Mfuko wa Upande Usio Wake

Saa mbili asubuhi, Fundi Mashoto anakata uzi kwa meno, anapuliza vumbi kwenye cherehani, kisha anageuza koti la bluu la mteja ndani nje. Anapapasa bitana. Anacheka kidogo, halafu ananuna.

"Tazama, mwandishi. Mfuko wa ndani uko kulia. Hilo kosa ni langu mimi."

Chumba chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, na mteja mrefu huingia ameinama. Ukutani zimening'inia karatasi za kukatia nguo, zilizotengenezwa kwa magazeti ya zamani. Ana miaka hamsini na miwili, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia kwenye cherehani. Jina amepewa na wateja kwa sababu ya mkono wake wa kushoto, ndio anaoutumia kwa kila kitu.

Mwaka jana kampuni moja ya kusambaza filamu iliwaita mashabiki kwenye shindano: shoneni koti ambalo shujaa wa filamu yao, mwanamke dereva wa treni, angelivaa katika sehemu ya pili. Mashoto alikuwa ameitazama sehemu ya kwanza mara sita. Akashona siku kumi na tisa.

"Nilisahau hata kula. Mume wangu akaniuliza kama nimeolewa na hiyo treni," anasema.

Siku ya mwisho ilimkuta mbiombio. Makoti mengi yana mfuko wa ndani upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ufike. Yeye akaushona kulia, kama anavyojishonea mwenyewe, na koti likaenda hivyo hivyo.

Mdogo wake, muuza vocha, ndiye aliyejaza fomu kwenye simu. "Masharti yalikuwa marefu, dada ananiambia fanya haraka. Nikabonyeza nakubali," anasema, macho chini. Sharti la kumi na moja lilisema kila kazi itakayopokelewa ni mali ya kampuni.

Mashoto alipata kikombe cha kunywea chai na cheti kilichoandikwa "Kwa Shabiki Wetu Mpendwa". Jina lake hawakuliandika. Koti halikurudi.

Miezi saba baadaye, kijana mmoja alimletea koti la bluu alilonunua kwenye duka la ukumbi wa sinema. "Mama, nihamishie huu mfuko, mkono haufiki," akamwambia.

"Nilipoligeuza nikakaa chini," anasema Mashoto. "Kola yangu, mikunjo yangu, mpaka kosa langu. Walilinakili lilivyo, hata hawakujiuliza."

Akaenda ofisini kwao. Afisa mmoja akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamsifu, kisha akamwambia koti lilibuniwa na wataalamu wa kampuni.

"Nikamwambia, vizuri baba, muulize mtaalamu wako mfuko ameuweka kulia kwa nini. Akaanza kutafuta kalamu."

Wiki iliyofuata ikaja barua: asishone tena koti la muundo huo, ni mali ya kampuni. Yaani mtu anakatazwa kushona alichokitoa kichwani mwake mwenyewe, na wanaomkataza hawajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Hasira zimenipanda na mimi. Watu mia mbili na kumi walituma kazi zao kwa mapenzi, na kampuni ikayaita mapenzi hayo ghala lake.

Niliwapigia simu. Wakanijibu kwamba wanawathamini sana mashabiki wao. Nikauliza koti lile lilishonwa na nani. Wakasema watanipigia. Hawajapiga mpaka leo.

Mashoto hataki kiti katika ofisi ya mtu. "Nataka waseme koti limeshonwa na nani. Basi."

Jumamosi hii sehemu ya pili inaanza kuonyeshwa, na kampuni imewaalika mashabiki waje wamevaa makoti hayo ya bluu. Mashoto naye atakwenda. Mume wake atambebea cherehani hadi ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa ukumbi. Kibao kiko tayari: "Hapa tunahamisha mfuko wa koti la treni." Barua ilimkataza kushona koti, haikumkataza kulirekebisha.

Kila mfuko utakaohamishwa utashonewa kitambaa kidogo ndani. Ameshatarizi themanini na vinne, na kila kimoja kina maneno yale yale: "La kwanza lilishonwa na Fundi Mashoto."

"Wakija kuniuliza, nitawaambia narekebisha kosa langu," anasema, huku akitunga uzi kwa mkono wa kushoto. "Wakisema si langu, basi waseme ni la nani."