Mikono Minane, Kitanda Kimoja

Jambo la kwanza ambalo mtu huliona kwake ni kwamba mikono yake haijui kutulia. Ukiketi naye kwenye benchi, atakutoa uzi begani, atakunyooshea kola, kisha atainuka kuweka sawa meza ya watu wengine kwa sababu imekaa upande. Kwa miaka mingi alisafisha sakafu za wodi ya wanaume, na wauguzi wakambandika jina la Dada Sabuni. Hakununa. Alilipokea kama mgeni apokeavyo kiti.

Lakini moyo wake haukuwa sakafuni. Alitamani kumhudumia mgonjwa mwenyewe, amgeuze, amwoshe, amwambie pole huku akijua anachokifanya. Hospitali ilipofungua mafunzo ya wahudumu wasaidizi, muuguzi mkuu ndiye aliyemsukuma. "Nenda, Dada Sabuni. Hilo deki halitakimbia." Mpaka leo humwombea mama yule kila usiku kabla ya kulala.

Mafunzoni walipangwa wanne wanne, na mtihani wa mwisho ungekuwa wa pamoja: kubadilisha shuka za kitanda mgonjwa akiwa amelala juu yake. Alama ni moja kwa wote. Kikundi kikianguka, Dada Sabuni angerudi kwenye deki lake, maana nafasi ya pili haikuwepo.

Wenzake walikuwa Mrefu, aliyewahi kulinda ghala; Mwalimu, mama aliyeacha kazi ya kufundisha watoto lakini hakuacha kufundisha; na Kimya, binti ambaye hata salamu yake ulihitaji kuisogelea. Jioni walikutana sebuleni kwa Dada Sabuni, wakafanya mazoezi kwenye godoro. Mgonjwa alikuwa mumewe, fundi viatu.

Wakafanya lililoonekana la busara: kila mtu akachukua kazi anayoiweza. Mrefu alimgeuza mgonjwa, Dada Sabuni akakunja shuka chafu nyuma ya mgongo wake, Mwalimu akatandaza safi, Kimya akachomeka pembe za shuka chini ya godoro. Wakawa wepesi kweli kweli.

"Mkiendelea hivi," fundi viatu alisema, "mimi nahamia hospitali."

Siku ya majaribio mkufunzi aliwatazama akaridhika. Kisha akasema, "Sasa badilishaneni nafasi. Kimya aongoze."

Lo! Kimya alimgeuza mwanafunzi aliyejifanya mgonjwa bila kutoa hata neno. Mrefu akavuta shuka ambayo Mwalimu alikuwa ameiegemea. Dada Sabuni, ambaye zamu hii alitakiwa kusimama upande wa pili ili mgonjwa asianguke, aliona mambo yanaharibika akakimbilia kuwasaidia wote wawili. Mgonjwa akabaki nusu kitandani, nusu hewani, Mrefu amemdaka kwa kola. Darasa zima likavunjika mbavu.

"Ninyi bado si kikundi," mkufunzi alisema bila ukali. "Ni watu wanne waliosimama kando ya kitanda kimoja."

Jioni ile sebuleni hakuna aliyegusa chai. Mrefu ndiye aliyeanza. "Jamani, mimi kuchomeka pembe sijui. Niliona aibu kuuliza."

"Na mimi naogopa kumgeuza mtu," Kimya akanong'ona. "Naona kama nitamvunja."

Dada Sabuni aliwatazama kwa shukrani asiyoweza kuitamka. Maneno hayo mawili yalikuwa yamewafungulia mlango. Wakaweka desturi mpya: anayeijua kazi amfundishe mwenzake, kisha aketi, mikono chini ya mapaja, asiinuke hata mambo yakienda mrama.

Kwa Dada Sabuni ilikuwa adhabu.

"Kaa, dada!" Mwalimu alimfokea.

"Si nimekaa?"

"Mguu mmoja umekaa, mwingine umeshafika kitandani!"

Zamu ya Kimya ilipofika, alimwinamia fundi viatu na kusema, "Baba, nakugeuza kushoto."

"Mgonjwa hajasikia. Mgonjwa anageuzwa kama gunia."

"Baba, nakugeuza kushoto."

"Sikio hilo nimelilalia."

"BABA, NAKUGEUZA KUSHOTO!"

Jirani akagonga ukuta. Walicheka mpaka mgonjwa akadondoka godoroni mwenyewe, bila msaada wa mtu.

Wageni walipoondoka, Dada Sabuni alimwambia mumewe, "Nilidhani nawasaidia. Kumbe nilikuwa nawanyima nafasi ya kujua." Mumewe akamshika mkono, akaushukuru mkono huo kwa kutulia siku hiyo angalau kidogo.

Asubuhi ya mtihani walisimama kwenye ukumbi mwembamba, sare zimepigwa pasi. Walijua kwamba msimamizi humchagua kiongozi papo hapo.

"Akikuchagua wewe je?" Mrefu alimchokoza Kimya.

"Omba anichague mimi," binti akajibu, na wote wakamsikia vizuri. "Akikuchagua wewe, kaka, mgonjwa ataondoka na shuka isiyochomekwa mpaka nyumbani."

Dada Sabuni alicheka huku machozi yakimlengalenga. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Mgonjwa alikuwa tayari kitandani. Msimamizi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akainua kidole. Popote ambapo kingeelekea, wote wanne walikuwa tayari, na mikono ya Dada Sabuni ilikuwa imetulia.