Turubai la Fundi Bomba

Fundi bomba hakutaka turubai. Alikwenda shingo upande, binti yake amekaa nyuma ya pikipiki, amemshika kiuno kama alivyomshika alipokuwa mdogo. Ila sasa mikono ile ina nguvu, na ulimi una nguvu kuliko mikono.

"Baba, hii siti imekuwa sifongo. Nimekaa tu, nimelowa."

"Ni umande."

"Umande saa nne hii? Hiyo ni mvua ya juzi. Miezi saba unailaza nje wazi kama mbwa aliyefukuzwa. Umechoka nayo, sema. Kuna watu wanaitaka."

Miezi saba ilikuwa kweli. Shule hakwenda, lakini hiyo miezi aliijua mmoja mmoja.

Pikipiki alikuwa nayo mwaka wa kumi na tisa. Ilimbeba yeye, mabomba, spana, na mara moja choo kizima cha kukaa, watu wakimcheka njia nzima. Nyumba yake vyumba viwili, mlango juu ya ngazi tatu, na ndani pikipiki haina pa kukaa labda kitanda kiipishe. Kwa hiyo ililala uani, chini ya dirisha la jikoni, juu ya saruji aliyoimwaga kwa mkono wake na kuipitishia mwiko mpaka ikang'aa. Wateja aliwakataza mambo hayo. Aliwaambia sakafu ya mahali pa maji ikwaruzwe, mguu upate pa kushika. Kwake akataka ing'ae.

Cha kufunikia kilikuwa nailoni nyeusi na matofali manne pembeni. Upepo ukija, nailoni inapaa, matofali yanabaki. Hapo mtu anatoka kuifukuza. Mara nyingi alitoka yeye.

Siku ile hakutoka. Ilikuwa alasiri, ametoka kuzibua bomba la jengo la watu, ameoga, amejinyoosha. Upepo na mvua vikaanza, nailoni ikapiga ukuta. Mkewe alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mama, pikipiki inalowa."

"Nasikia."

"Nenda basi. Mimi nimeshavua viatu."

Mkewe akacheka. "Viatu vyako vina haki kuliko miguu yangu?"

Akaenda. Alimsikia akisogeza tofali, halafu hakumsikia tena. Alidhani ameingia kwa jirani kupiga domo. Akageukia upande wa pili. Kilichomwamsha ni jirani kupiga kelele. Mkewe alikuwa chini kwenye ile saruji, nailoni imemzunguka miguuni, mvua inampiga usoni. Nyonga imevunjika.

Hospitali, mwuguzi akauliza, "Mama mtu mzima namna hii alikuwa anatafuta nini nje kwenye mvua?"

Binti alikuwa ndiyo kwanza anafika, mbio, na aproni ya kiwanda cha mikate, unga mpaka mabegani. Fundi bomba akamtazama mwuguzi, akamtazama binti, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Alikwenda kuanua nguo."

Kwenye kamba kweli kulikuwa na nguo. Hakufikiria ni za nani. Alifikiria pale alipomwona binti yake anaweka mkono mdomoni. Nyumbani kwa binti bomba lilikuwa limekauka siku mbili, asubuhi ile akaja kufua kwa mama, akaanika, akawahi kazini.

Mkewe alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi. Alisikia. Alimtazama tu mumewe, hakusema kitu. Hicho ndicho fundi bomba alikiona kila alipofumba macho.

Mkewe alilala wiki sita, halafu kifua kikambana. Siku mbili kabla ya kufa alimwita, akamwambia kwa sauti ndogo:

"Mwambie mtoto. Usimwachie yeye."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ukipona."

"Basi hutamwambia," mkewe akasema, na ilikuwa kama anataka kucheka.

Siku ya maziko hakumwambia, watu walikuwa wengi. Watu walipoondoka hakumwambia, nyumba ilikuwa kimya mno. Kila Jumapili binti alikuja kumfulia. Nguo akawa anazitundika ndani, kwenye migongo ya viti na kwenye mlango, maji yanadondoka mpaka kitandani. Kamba ya uani hakuigusa. Fundi bomba aliona, akanywa chai yake. Maneno aliyapanga Jumamosi, Jumapili akayameza.

Nailoni aliitupa. Mvua iliponyesha alilala akiisikia inaipiga pikipiki, tangi, taa, siti, na aliona ni sawa ipigwe. Kama si yeye kuipenda, mkewe asingetoka.

Fundi wa maturubai waliyemwendea leo, watu walimwita Sindano kwa wembamba wake. Alishonea barazani, chini ya bati, cherehani imezungukwa na marobota ya kitambaa. Walipofika alisimama, akaizunguka pikipiki mara mbili, mikono nyuma.

"Mzee, umeniletea pikipiki au mgonjwa?"

"Ni nzima."

"Nzima! Mnyororo unalia, tangi limeota ukurutu. Hii ukiipigia honi inakohoa."

Binti akacheka. "Mwambie wewe. Mimi nimesema mpaka koo limekauka."

"Haya, tuitibu." Sindano akashusha vitambaa vitatu juu ya meza. "Hii ni nailoni. Ya haraka haraka. Mvua haipiti, lakini jua likiwaka chuma kinatoka jasho humo ndani, na jasho halina pa kutokea. Utafunika pikipiki, utafunua kutu. Hili ni turubai la lori. Gumu, utawaachia wajukuu. Ila likilowa ni zito kama deni, linataka watu wawili wenye migongo mizima. Sasa hiki." Akakipigapiga. "Nje kina mpira, ndani ni laini, hakichubui rangi. Hapa karibu na usukani natoboa matundu, nayavalisha kofia. Hewa inapita, maji yanabaki nje. Chini ni lastiki, katikati mkanda unaopita tumboni. Upepo uje hata na ndugu zake, hautaliondoa. Sharti moja: ekzosi ipoe kwanza. Usije ukaunguza mali halafu ukanitangaza sokoni."

"Hiki ndicho," binti akasema.

Fundi bomba alikuwa bado ameshika pembe ya nailoni. Ilikuwa nyeusi ileile.

Sindano akatoa futi kamba, akaanza kupima kutoka taa ya mbele. "Swali dogo. Nani atakuwa anafunika, Mzee au mama? Maana kama ni mama naweka vishikio huku chini, asihangaike kunyoosha mikono."

Fundi bomba alitazama barabarani.

"Mama alishatangulia," binti akasema.

"Oo. Poleni sana. Aliugua?"

"Alianguka. Alikuwa anaanua nguo zangu. Nilizianika asubuhi, nikaenda zangu kazini, mvua ikaja."

Alilisema kama mtu anavyoelekeza nyumba yake ilipo, bila kusita hata pahali pamoja. Fundi bomba akajua amekwisha kulisema mara nyingi. Kwa mumewe. Kwa majirani. Peke yake kwenye mikate.

"Usijilaumu, dada," Sindano akasema.

"Ndivyo wanavyoniambia wote," binti akajibu, na akainama kukagua kitambaa.

Fundi bomba akaiachia nailoni.

"Hakwenda kuanua nguo."

"Baba?"

"Nguo zako hazikuwamo hata kwenye mawazo yake. Nilimtuma mimi. Nailoni ilipeperuka, nikamwambia akaifunike pikipiki. Akakanyaga nailoni, akateleza."

Sindano alibaki ameinama, futi kamba mkononi, kama anayepigwa picha. "Ngoja nikatafute chaki," akasema. Chaki ilikuwa nyuma ya sikio lake. Akaingia ndani.

Binti hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Nilikuwa nimeshavua viatu."

Alitazama miguu ya baba yake muda mrefu. Fundi bomba aliona afadhali angempiga.

"Na mama alisikia ulivyomwambia yule mwuguzi?"

"Alisikia. Akasema nikuambie."

"Akasema lini?"

"Kabla hajafa."

"Miezi saba, Baba."

"Ndiyo."

"Nimekuja kwako kila Jumapili. Unaniona. Nimekaa mbele yako nalia, nasema laiti ningezianua mwenyewe, na wewe unaniambia nyamaza mwanangu, ni kazi ya Mungu."

"Nilisema."

"Ulisema!"

Neno la kuomba msamaha lilikuwepo, amelilea miezi yote hiyo. Lilimfika kwenye meno. Akaona akilitoa atakuwa amemtuma tena: nenda kanitafutie msamaha, mimi nimekaa. Akalizuia.

"Sikuombi kitu," akasema. "Nilitaka ulijue hilo. Haikuwa wewe. Ni mimi."

Binti akajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anafuta meza. Halafu akaita: "Fundi! Njoo umalize kupima."

Sindano akatoka amejikausha kabisa. Akapima urefu, akapima upana wa usukani, akaandika ukutani kwa ile chaki. Akauliza pole pole, akimwelekea binti kwa kumwogopa baba, au pengine kinyume chake:

"Basi vile vishikio... nivitie wapi?"

"Popote. Atafunika mwenyewe."

"Na rangi?"

"Muulize mwenye pikipiki."

"Yoyote," fundi bomba akasema.

"Hapana," binti akasema. "Chagua, Baba. Usituachie sisi."

Akachagua. Alitumia muda, akavipindua vitambaa kimoja kimoja, kwa sababu aliambiwa achague. Akashika cha kijivu. Sindano akasema Alhamisi asubuhi kitakuwa tayari, na safari hii hakuongeza mzaha.

Walipotoka, binti hakupanda. Alitembea. Fundi bomba hakuwasha injini. Akaisukuma pikipiki nyuma yake, hatua tatu nyuma, mpaka njia panda. Jua lilikuwa kali na barabara ilipanda kidogo. Mara mbili alitaka kusimama apumue, hakusimama.

Pale njia panda binti akageuka.

"Usinifuate."

"Sawa."

"Jumapili usinisubiri. Na usinitumie majirani waje kunibembeleza."

"Simtumi mtu."

"Nikitaka kuja, nitakuja. Sijui lini."

"Sawa, mwanangu."

"Wewe na sawa zako." Akavuta pumzi. Uso ulikuwa umemwiva kwa hasira, macho yamekaza, yanamtazama yeye moja kwa moja. Kwa miezi saba alikuwa akimtazama kwa kumhurumia, na huruma ile ilikuwa ikimla fundi bomba kama asidi. Hii ya leo iliuma zaidi, lakini ilikuwa imefika kwa mwenyewe.

Binti akavuka barabara. Alitembea haraka, mkoba ukimpiga ubavuni, hakuinamisha kichwa. Fundi bomba alimwangalia mpaka akakata kona. Halafu akawasha pikipiki, ikakohoa, akaizima. Akaona leo aisukume mpaka nyumbani.