Jumamosi ya Achai Kisiwani Gondokoro

Ukiuliza pale Kator, mtaa wa zamani wenye kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, ni nani anayeijua Juba kwa miguu yake mwenyewe, utaambiwa, "Nenda kwa Achai." Na ajabu yenyewe ni kwamba Achai hakukulia hapa. Alitoka nchi hii wakati wa vita akiwa mgongoni mwa mama yake, akalelewa kambini Kakuma, akasomea Nakuru, na alipoirudia Juba akiwa mama mwenye watoto wake, Kiarabu cha Juba kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wachuuzi wa soko la Konyo Konyo walimwita "Kenya", hata siku alizofunga lawa yake, ile shuka ya fundo begani, vizuri kama wanawake wote.

Mwingine angenuna akajifungia ndani. Achai alisema, "Mji huu haunijui? Basi nitaujua mimi." Akavaa raba zake, akaanza kutembea. Aliuliza wazee matofali ya kanisa yalichomwa wapi. Aliuliza zile nyumba za mawe za wafanyabiashara Wagiriki wa zamani zilikuwa za nani, na meli za mvuke zilikuwa zikitia nanga upande gani wa bandari enzi zile. Watu waliozaliwa Juba na kuzeeka Juba hawakuwahi kuuliza mambo hayo. Walipita tu.

Wakati huo alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja, na wageni wengi walikuwa Wakenya, watu wa mabenki na mashule. Kila siku alisikia wimbo ule ule: "Madam, hapa Juba mtu anaenda wapi? Hakuna kitu, ni vumbi tu." Maneno hayo yalimchoma kama aliyetukaniwa mtoto. Siku moja akaacha kazi, akaanza kuwatembeza watu mwenyewe kila Jumamosi.

Na alijua kutembeza! Aliwaanzia kanisani Kator kwaya ikifanya mazoezi, akawapitisha mtaa wa Buluk wakanywe chai ya mdalasini kwa mama mmoja anayekaanga kahawa barazani, akawateremsha bandarini kuona majahazi ya chuma yanavyopakiwa magunia, vitanda, baiskeli na familia nzima zenye masufuria yao, tayari kushuka na mto kuelekea kaskazini. Wakikaribia daraja, ambako kupiga picha ni marufuku, aliwaambia simu ziingie mikobani, na zikaingia, maana Achai haambii mtu jambo mara mbili.

Lakini kilichokuwa moyoni mwake ni visiwa. Mbele ya Juba mto umejigawa, na katikati kuna kisiwa kikubwa cha Gondokoro chenye mashamba ya bamia na mboga, na pembeni visiwa vidogo ambavyo mvua ikizidi huzama na kiangazi hurudi. Bila visiwa, matembezi ya Achai yalikuwa nusu siku, na mgeni wa nusu siku harudi wala hamwambii mwenzake. Tatizo ni kwamba mahali pazuri pa kushukia Gondokoro palikuwa shambani kwa ukoo wa Mama Kiden, mwanamke wa Kibari ambaye kila mtu wa ufukoni humwogopa kidogo. Achai alimwomba mara nyingi. Mwishowe Mama Kiden akasema, "Leta watu yako Jumamosi moja, mimi naona. Nikipenda, unakuja siku zote. Nikikataa, usiniombe tena." Kiswahili chake alirudi nacho kutoka Uganda alikokimbilia, kimechakaa kidogo lakini kinakata.

Basi Jumamosi hiyo ikafika. Wageni walikuwa kundi dogo, wakiongozwa na Wafula, kijana wa benki kutoka Bungoma mwenye shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikononi, na Serah, mwalimu wa chekechea, mcheshi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mwenye boti alikuwa Cirillo, mtu wa maneno machache.

Mtoni Achai alisimama mbele ya boti akawageuza nyuso kuutazama mji. Malori ya maji yalikuwa yamejipanga ukingoni yakinyonya mto, wanawake wakianika nguo juu ya mawe, majahazi yenye kutu yakiegemeana, na nyuma ya yote mlima wa Jebel Kujur umekaa peke yake kama mlinzi.

"Ukiwa barabarani unaona vumbi," Achai akawaambia. "Tazameni sasa."

Wakatazama.

Ndipo ngoma ikasikika kutoka kisiwani. Achai akacheka kwa furaha. "Mna bahati! Kuna harusi!"

"Leo iko watu mingi," Cirillo akasema. "Tunafunga pale pale?"

"Pale pale. Watu wengi ndio vizuri."

Cirillo akamwangalia kidogo, akafunga boti.

Juu ya ukingo watu walikuwa wamezunguka ngoma, vumbi likipanda, wanaume wameinua fimbo, wanawake wamevaa lawa za rangi kali wakiruka kwa pamoja. Serah hakungoja kukaribishwa. Alipiga vigelegele, akaingia duarani akitingisha mabega. Wafula akatoa simu akaanza kurekodi. Achai mwenyewe alimwendea binti mmoja aliyeketi ukingoni mwa mkeka, akidhani ndiye bibi harusi, akamshika mikono yote miwili na kumpa hongera kwa Kiarabu cha Juba, kwa sauti: "Mabruk! Mabruk sana!"

Yule binti alimtazama kama aliyemwagiwa maji baridi. Ngoma ikafifia, ikanyamaza. Na katika ukimya ule, Wafula akauliza kwa sauti yote, "Na bwana harusi yuko wapi?"

Mama Kiden alitokea kwenye moshi wa jikoni, mwiko mkononi.

"Bwana harusi?" akasema. "Iko chini ya udongo. Tulizika juzi. Unataka nikuitie?"

Hapo Achai alihisi ardhi ya kisiwa chote ikimkimbia. Ilikuwa bika, msiba. Kaka mkubwa wa Mama Kiden alikuwa amefariki, mzee aliyeona wajukuu, yule binti akiwa mmoja wao, na vitukuu, na mzee wa namna hiyo watu wake hawamsindikizi kwa machozi peke yake. Humchezea ngoma. Achai alikuwa amehudhuria bika nyingi Kator: turubai, viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, sauti za chini. Yeye damu yake ni ya Kidinka na malezi yake ni ya Nakuru. Kwake ngoma ilikuwa harusi tu.

Kutoka majini Cirillo akapiga mluzi. "Achai! Rudi! Twende!"

Alishuka mbio hadi botini. "Cirillo, mbona hukuniambia?"

"Mimi nafikiri wewe najua! Kila mtu najua. Mimi nafikiri wewe naleta watu kwa bika. Sasa panda, huyu mama atatuchapa na ile mwiko."

Achai aliweka mkono kwenye ukingo wa boti. Akipanda, wageni wake watakuwa salama, na wataona kisiwa cha pili kama alivyowaahidi. Lakini hatakanyaga tena Gondokoro, na yule binti atabaki na ile hongera masikioni mpaka uzee wake. Akautoa mkono. Akavua raba akaziacha kwenye mchanga, akapanda ukingo peku, akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wafiwa, akaketi kando ya yule binti, miguu ameinyosha mbele. Serah, aibu imemjaa uso mzima, akaja akaketi nyuma yake.

Wafula alibaki amesimama. "Madam Achai," akanong'ona, "si tulisema mchana tuwe kwa kile kisiwa kingine?"

"Wafula ndugu yangu, kile kisiwa hakina miguu. Keti."

Akaketi, na wenzake wakaketi. Kisha, bila kuambiwa, akamwonyesha yule binti simu yake, akaifuta ile video mbele ya macho yake.

Walikaa. Jua lilipanda, kivuli cha turubai kikahama kikawaacha nusu nje. Hakuna aliyewasemesha. Ulimi wa Achai ulimwasha kwa hamu ya kueleza kwamba hakujua, kwamba alikulia mbali, kwamba nia yake ilikuwa njema. Aliuzuia. Mwanamke anayezungumza kutwa nzima kila Jumamosi, siku hiyo alimeza maneno yake moja moja kama dawa chungu. Ngoma ilianza tena. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

Alipoona wanawake wa jikoni wamechoka, aliinuka akamfuata Mama Kiden. "Mama, nipe kazi."

"Kazi ya hapa unaweza? Hii si ya kutembeatembea."

"Nipe tu."

Akapewa sufuria la asida, ugali wa watu wengi, na mwiko mrefu kama kasia. Hawakujua kwamba Achai alijifunza kusonga Kakuma, akiwapikia watu wa foleni ya chakula. Alipanua miguu, akaegemea mwiko, akasonga mpaka jasho likadondoka kidevuni. Serah alipewa beseni la vitunguu na baada ya muda machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Haya," bibi mmoja akasema, "angalau huyu analia."

Wakacheka, kicheko cha kwanza upande ule. Wafula akatumwa mtoni na madumu ya maji, akarudi shati jeupe limelowa kifuani na nusu ya maji yamemwagika njiani.

"Benki inavuja!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Mama, hii benki ni mpya, bado inajengwa," Wafula akajibu, na hapo wakamcheka mpaka yule binti wa mkekani akaziba mdomo kwa ncha ya lawa yake.

Mama Kiden hakucheka. Lakini chakula kilipokuwa tayari, ndiye aliyewaletea maji ya kunywa, kikombe kimoja kimoja, kuanzia kwa Achai. Achai akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, akasema alichopaswa kusema tangu asubuhi: "Pole, mama. Poleni nyote."

"Nimesikia," Mama Kiden akasema. "Sasa kuleni. Halafu simameni, twende."

Na mwenyewe akawatangulia. Aliwapitisha shambani kwa kaka yake, kwenye mistari ya bamia iliyonyooka kama iliyopimwa kwa kamba, akawaonyesha mfereji ambao mzee aliuchimba kwa jembe kuleta maji ya mto, na mahali ambapo mto unakula ukingo kila mwaka, naye kila mwaka akipanda matete kuushika. Aliwaonyesha mahali mzee alipokuwa akisimama asubuhi kuutazama mji uliokua mbele ya macho yake, kutoka mapaa machache ya mabati hadi maghorofa. Achai hakufungua kinywa kueleza chochote. Alisikiliza pamoja na wageni wake, na kila jambo alilolisikia lilikuwa jipya kwake.

"Mama," Wafula akauliza taratibu, "hii bamia sasa itavunwa na nani?"

"Na wewe. Kama utarudi na shati ya kazi."

Walipofika upande wa pili wa shamba, palikuwa na ghuba ndogo iliyofichwa na matete, na kisiki kimesimama ukingoni, kimelainishwa na kamba za miaka mingi. Mama Kiden akasimama. Achai naye akasimama, maana alijua hukumu yake imefika.

"Wewe Achai iko na miguu mzuri," Mama Kiden akasema. "Nimesikia watu nasema, huyu anatembea Juba yote. Lakini mtu ya kutembea tu, nani anamjua? Anapita kama upepo. Leo wewe umekaa." Akaelekeza kidole nyuma walikotoka. "Boti ya watu ya soko nafunga kule kwa mchanga. Watu ya nyumbani nafunga hapa. Jumamosi ingine, hapa. Unaleta watu yako, wanakaa kwanza, wanakunywa maji. Mimi nikisema simameni, ndipo wanaangalia."

"Ndiyo, mama."

"Na yule ya kupiga kelele," akasema, akimtazama Serah, "siku ya kumaliza bika aje. Sauti yake mzuri. Tutamfundisha ya kulilia."

Achai akamwita Cirillo alete boti upande huu. Cirillo alilalamika kuwa maji hapo ni machache, na kweli, boti ilikwama kwenye tope hatua chache kutoka kwenye kisiki. Wafula akakunja suruali, akaingia majini na kusukuma, huku wanawake wa ukingoni wakimwelekeza kwa Kibari ambacho hakukielewa hata neno. Achai alisimama peku kwenye tope, akaidaka kamba, na kwa mkono wake mwenyewe akaifunga kwenye kisiki.