Trei Mkononi: Kutoka Ulemo Kwenda Kuomba Kazi Melini

Nilisafiri kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu: nifike bandarini Mwanza Alhamisi saa mbili asubuhi, kwa usaili wa mhudumu wa melini. Nafasi ni moja. Nilikuwa na shahada ya mipango, na misimu miwili nilikuwa nyumbani nikikamua alizeti kwenye mashine ya baba. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi, nikitafuta dalili kwamba wamekosea namba.

Jumatano alfajiri, Ulemo. Mama alinifungia karanga na viazi vitamu. Kwaya yake nzima ya kanisani ilishajua kutoka kwake kwamba naenda kuendesha meli, nami sikuwa nimepata ujasiri wa kumsahihisha. Baba alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Nilitua begi ndipo nikamwamkia. Ndivyo alivyotulea: mkono wenye mzigo haumwamkii mkubwa. Hata ukiwa na ndoo ya maji kichwani, unaitua kwanza.

"Marahaba. Ukikosa?"

"Nitarudi kwenye mashine, baba."

"Mashine ina mtu. Binamu yako ameanza juzi."

Bodaboda ilinifikisha Misigiri, nikapanda basi la Mwanza.

Saa mbili asubuhi, mteremko wa Sekenke. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, tenga lake la kuku likiwa miguuni.

"Kijana, unaenda wapi na sura ya msibani?"

"Mwanza, mama. Naomba kazi melini."

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Basi jitahidi usianguke."

Alicheka hadi kuku wakaamka. Kutoka Igunga mpaka Shinyanga sikuwaza kingine. Je, kwenye fomu ya maombi waliuliza kuhusu kuogelea? Nilijibu nini?

Saa kumi jioni, Mwanza. Nilipokelewa na mama mdogo Naomi, ambaye zamani alifanya kazi gesti. Nilimwonyesha kurasa nne za maswali na majibu niliyoyaandaa. Alizipitia zote akanirudishia.

"Mwanangu, hapa hakuna hata swali moja la kitanda."

Tukatandika na kutandua kitanda chake mpaka nikajua kukunja kona za shuka.

Alhamisi asubuhi, gatini. Meli ilikuwa kubwa kuliko kanisa letu, na ilitikisika kidogo ingawa imefungwa. Msimamizi wa wahudumu, Bi Asteria, alikuwa rika la mama yangu. Kweli, hakuuliza maswali. Kila mmoja wetu tulioomba kazi alitandika kitanda; changu hakukigusa, akapita. Halafu tukaambiwa tupeleke trei ya chai ukumbi wa juu, ambako wafanyakazi watano wazee walikaa kama abiria.

Katikati ya ngazi nilikutana na mzee anashuka. Kabla sijafikiri, niliweka trei kwenye ngazi nikamwamkia. Akaitikia huku akiitazama trei. Ukumbini nilifanya hivyo hivyo: natua trei sakafuni, naamkia, nasubiri marahaba, nainyanyua. Nilipofika kwa abiria wa tano, chai ilikuwa imepoa, na Bi Asteria alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Meli ikiyumba, chai uliyoiweka kwenye ngazi ingemuunguza nani?"

"Samahani, mama. Kwetu hatuamkii na mzigo mkononi."

"Kwenu wapi?"

"Iramba, Singida."

"Huko kuna mawimbi?"

"Hakuna, mama."

"Hapa trei ikitoka jikoni haigusi chini mpaka mezani. Amkia kwa mdomo, macho yabaki njiani. Rudi jikoni, anza upya."

Nilirudi. Safari ile ya pili ilikuwa ndefu kuliko ya kutoka Ulemo. Kila "shikamoo" niliyoitoa mikono ikiwa imejaa, nilihisi baba ananitazama. Chai ilifika ikitoa mvuke.

Saa sita mchana aliniita. "Wapo waliobeba vizuri kukushinda, lakini wamewawekea watu chai kama wanawawekea mbuzi pumba. Kubeba nitakufundisha. Majaribio miezi mitatu. Jumatatu uwe hapa."

Ijumaa, njia ya kurudi. Furaha ilinidumu mpaka Shinyanga. Kisha nikaanza kuwaza miezi mitatu, na mama na kwaya yake. Basi lilipopanda Sekenke nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama.

Jioni, nyumbani. Nilimwambia mama kabla sijavua viatu. "Sitaendesha meli, mama. Nitatandika vitanda na kupeleka chai."

Alipepeta mtama kidogo. "Huyo anayeiendesha hanywi chai?"

Akanipa trei ya chai nimpelekee baba, ambaye alikuwa ameshasikia habari yote kupitia dirishani. Nilifika mbele yake nikasimama tu, trei mkononi.

"Mbona umesimama?"

"Nawaza kama niitue, baba."

Alisogeza kigoda kunipa nafasi.

"Hapa ni kwenu, itue. Kule usiitue. Watakurudisha, na mashine ina mtu."

Niliitua, nikamwamkia. Nilikwenda nikidhani nitaulizwa ninachojua. Kumbe kilichopimwa ni malezi yangu, na kama naweza kuyabeba bila kumwaga. Leo ni Jumamosi; Jumatatu bado siku mbili. Trei ya mama nimeijaza vikombe vya maji, naizungusha uani, nikiwaamkia kuku.