Kamba Ilibaki Kasulu

Nilikwenda Kasulu kununua pikipiki, nusura nirudi na hasira tupu.

Nafundisha shule ya kijiji cha Kitahana, naishi Kibondo mjini na mama yangu. Tangu mkono wake wa kulia upooze, mama hakubali kula kwa kushoto, wala kulishwa na mtu mwingine ila mimi. Jirani alijaribu, mama akafumba mdomo. Asubuhi namlisha uji, naondoka. Mpaka bodaboda inirudishe jioni, hajatia kitu tumboni. Ukaidi huo nimeurithi, lakini ulikuwa unamkondesha mbele ya macho yangu na niliogopa. Nilitaka pikipiki yangu mwenyewe, ili mapumziko ya mchana nifike nyumbani.

Muuzaji alikuwa bwana shamba mstaafu. Pikipiki yake ilikuwa kubwa kuliko za bodaboda, kiti kimechanika. Niligusa injini kabla hajaiwasha, nikaikuta ya baridi. Wajanja huipasha moto mapema, mnunuzi asijue kwamba inawaka kwa taabu. Hii iliwaka kwa kiki moja. Tukapatana, tukaandikishana.

Ndipo akainama, akaanza kufungua mpira wa kufungia mizigo nyuma ya kiti, mpira wenyewe una mafundo matatu.

"Mzee, hata kipande hiki unaninyima?" Nikaweka ufunguo juu ya kiti. "Basi baki na pikipiki yako."

Hakukasirika. "Mwalimu, ng'ombe anakwenda, kamba inabaki. Nikikupa na kamba, baraka ya zizi inaondoka nayo; hapa nitafuga nini tena?"

Mimi mtu wa Tanga, ng'ombe namjua kwenye sufuria. Niliona ni uchoyo tu. Nikapiga hatua mbili za kuondoka, nikamkumbuka mama alivyokaa akitazama mlango, nikaona aibu. Nikarudi, nikachukua ufunguo. Mkoba nikaufunga kwa kitenge, nikashika njia ya Kibondo, vumbi likanifanya mwekundu mpaka kope.

Jumatatu, kengele ya mapumziko ilipolia, niliwasha. Mama alisikia muungurumo, akanipokea mlangoni, uso kaukunja.

"Hiki si kitenge changu? Umekigeuza kamba?"

Nikamweleza habari ya yule mzee na ng'ombe wake. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ana haki. Siku ukiiuza, kitenge changu kirudi hapa."

Nikanawa mikono, nikafunua ugali. Mama akaketi, akafumbua mdomo kabla sijakata tonge.