Radi na Handaki la Kupimia Risasi

Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau. Kiwandani, nyumbani, hata kwa muuza mkaa, aliitwa Radi, naye aliitika. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mpole wa sauti, na kazi yake ilikuwa kupiga bunduki ambazo wanaume wengi wakizipiga mara moja tu hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine.

Kiwanda kilikuwa cha baba yake mdogo. Kilitengeneza risasi nzito za wawindaji wa nyati na tembo, zile ghali zinazolazwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini kama vito. Risasi ya namna hiyo haiuzwi kwa maneno matamu. Mtu aliyekabiliwa na nyati mwenye hasira hana nafasi ya kurudi dukani kulalamika. Kwa hiyo kila toleo jipya lilipelekwa kwanza handakini kupimwa.

Handaki lilikuwa chumba kirefu, chembamba, kilichozikwa nusu ardhini, hakina dirisha, kuta zake zimevikwa magodoro ya kijivu ya kumeza sauti. Upande mmoja palikuwa na meza, kiti na bunduki. Upande wa pili lilikaa sanduku la mbao lililoshindiliwa magazeti yaliyoloweshwa, na kati ya magazeti hayo mbao na mifupa ya ng'ombe, ili risasi ikutane na kitu kinachokaribia bega la mnyama. Nyuma yake, lundo la mchanga. Radi akishapiga, mfungaji wa masanduku, mtu mmoja aliyeitwa Kipara ingawa nywele zake zilikuwa tele, alipasua magazeti tabaka kwa tabaka akiitafuta risasi. Nzuri ilitoka imechanua mbele kama uyoga, na ikiwekwa mizanini uzito wake karibu wote upo. Mbaya ilitoka vipandevipande, na hapo baba mdogo alinuna mpaka jioni.

Radi aliingia katika kazi hiyo kwa njia ambayo wengi huingilia kazi zao: mpigaji wa kawaida hakuwepo siku moja, naye akaambiwa ashike kidogo. Alipiga, akayumba, akacheka. Baba mdogo alifurahi kupita kiasi. Tangu kaka yake alipofariki ndiye aliyewalea, Radi na mama yake, akawajengea nyumba nyuma ya ukuta wa kiwanda. Sasa akapata la kujivunia. Kila mgeni aliyekuja kununua aliletwa handakini amwone. "Huyu ni binti yangu," angesema. "Mnasema bunduki hii inavunja bega? Mtazameni." Picha yake akiwa na bunduki ikabandikwa kwenye visanduku. Uso wake ukaenda nchi ambazo yeye hajawahi kuzikanyaga.

Siku ambayo mambo yaligeuka haikuwepo. Laiti ingekuwepo, angeilaumu. Ilikuja kidogokidogo, kama kutu. Kwanza alianza kufumba macho mlio ukitoka. Baadaye akafumba kabla ya mlio. Halafu mwili wote ukawa unajikunyata kidole kikigusa kifyatulio, bega linasukuma mbele, mkono unabonyeza chini, bila yeye kuuambia. Mlango ukibamizwa na upepo alimwaga chai. Mumewe, fundi cherehani, alidhani ni bega linamuuma. Alimshonea fulana yenye pamba begani, akaongeza pamba, akaongeza tena, hadi siku moja akasema, "Mke wangu, nikitia nyingine hapa utakuwa godoro."

Radi alicheka, kisha akaingia chumbani akalia kimyakimya, uso kwenye mto.

"Mwambie," mumewe alimsihi alipojua ukweli. "Si mtu mbaya yule. Mwambie umechoka."

"Angekuwa mbaya ningekwisha kumwambia."

Hapo ndipo palipomkaba. Angegombana na mtu aliyemnyanyasa. Lakini unamwambiaje hapana mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa na homa? Mara mbili alikwenda ofisini kwake amekata kauli. Mara ya kwanza alimkuta anapokea dawa za mama yake Radi, anampigia dereva kelele azipeleke zingali baridi. Mara ya pili, kabla hajafungua kinywa, baba mdogo alimwonyesha kisanduku kipya, picha yake imekuzwa. Alitoka na kisanduku mkononi, hajasema alilolijia.

Nyumbani mama yake alikuwa na picha hiyohiyo ukutani. "Ukoo mzima haujapata mtu kama wewe," alikuwa akisema, akiifuta vumbi kwa upindo wa kanga.

Ndipo wakaja wageni wa risasi mpya, ile iliyochongwa kwa kipande kimoja cha shaba, haina kiini cha madini ya risasi ndani. Walikuwa wenye kampuni ya uwindaji: mwanamume mmoja mwenye maneno mengi, na mwanamke mmoja mtu mzima, mwongoza wawindaji, ambaye hakusema neno tangu ashuke garini. Wakavaa viziba masikio, wakapangwa nyuma ya Radi. Baba mdogo alikuwa amevaa koti lake la sherehe.

Radi aliiegemeza bunduki begani. Harufu ya magazeti mabichi ilimjaa puani. Alishusha pumzi, akavuta.

Kch.

Risasi iligoma. Hapakuwa na mlio wala moshi. Lakini bunduki ilizama mbele kama mtu aliyesinzia, mtutu ukachungulia sakafu, na bega la Radi likaruka. Mlio ungekuwepo, ungeficha kila kitu. Sasa palikuwa na kimya, na ndani ya kimya hicho watu wote wakaona.

Na hangeweza kuondoka. Risasi ikigoma, sheria ya handaki ni moja: usiishushe bunduki, usiifungue, elekeza mbele ungoje, kwa maana huenda baruti inaungua polepole na itafyatuka ukiwa umeigeuzia watu. Radi aliinua mtutu, akalenga sanduku, akangoja. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kope, na hakuwa na mkono wa kulifuta. Alihisi macho ya wote mgongoni, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na kuambiwa asimame hapohapo mpaka soko lifungwe.

Muda ulipopita aliifungua bunduki, akaitoa ile risasi, akaiweka mezani. Baba mdogo akamsogelea, akamwondolea kiziba cha sikio kimoja.

"Moja tu, mwanangu," alinong'ona. "Wageni hawa."

Radi akatia nyingine, akapiga. Alipiga akiwa amefumba macho mpaka meno yakamuuma. Risasi ilichana ukingo wa chini wa sanduku, vibanzi vikaruka, ikazama mchangani bila kugusa hata gazeti moja.

"Leo amelala vibaya," baba mdogo akawaambia wageni, akicheka kicheko kikavu. Mgeni mwenye maneno mengi naye akacheka. Yule mwanamke hakucheka. Alipopita karibu na Radi alimgusa kiwiko, akasema taratibu, "Mimi pia mwili ulinigomea, mwaka wa nane wa kazi. Sikumwambia mtu." Akaendelea na njia yake.

Walipokwenda ofisini kunywa soda, Kipara alibaki akiokota vibanzi.

"Dada, leo niliogopa kulishusha sanduku zaidi," alisema bila kumtazama. "Wangeona."

"Kulishusha?"

"Nimekuwa nalishusha kidogokidogo. Risasi zako zilikuwa zinashuka, na mimi nikalishusha. Ulidhani unalenga katikati?"

Radi alikaa chini sakafuni. Hasira ilimpanda hadi masikioni. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ungeacha, na mzee angevunjika moyo. Nilikuwa nakusaidia."

Wote walikuwa wanamsaidia. Huyu anashusha sanduku, yule anaongeza pamba, mama anafuta picha. Kila mmoja alikuwa ametia tofali lake kwa upendo, na yeye alikuwa katikati.

Siku iliyofuata alikuja kazini kama kawaida. Hakwenda mezani. Alikwenda kwenye pipa, akakunja mikono ya gauni, akaanza kulowesha magazeti. Baba mdogo alishuka ngazi, akasimama mlangoni.

"Radi. Kuna toleo la kupima."

"Najua, baba. Natayarisha sanduku."

"Sanduku ni la Kipara."

"Leo langu pia."

"Njoo ushike bunduki, mwanangu."

Mikono yake ilikuwa majini hadi viwiko. Hakuitoa. "Siwezi, baba. Mwili umekataa. Nimekuheshimu mpaka nimefika hapa. Kufukuza, unaweza kunifukuza. Bunduki sishiki tena."

Alingojea hasira. Laiti ingekuja. Mzee alikaa kwenye kiti cha kupigia, akavua miwani, akaisugua kwa muda mrefu. "Na wageni nitawaambia nini?" aliuliza, kama anamuuliza mtu mwingine. Mwishowe akapanda ngazi polepole, mkono ukutani.

Hakumfukuza. Alimwita dereva wake, mtu wa kifua kipana na mzaha mwingi, akamkalisha mezani penye bunduki. Picha kwenye visanduku hazikubadilishwa, zilikuwa zimechapwa nyingi mno. Mama yake Radi aliacha kusema naye. Alikula chakula anacholetewa, akarudisha sahani kwa kuisukuma mezani. Mumewe akataja kuhama, akataja tena, lakini mama asingehama, na kumwacha haikuwezekana. Kwa hiyo Radi alibaki kwenye nyumba ileile, akishuka ngazi zilezile kila asubuhi, kuloweka na kushindilia, na kupasua magazeti kuitafuta shaba iliyochanua. Dereva alipopiga, yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa zege, masikio yamezibwa. Mwili wake bado uliruka.

Dereva alipenda kazi. Alitoka na bega linawaka, akilisugua na kucheka, akihadithia kama aliyekwisha kuua nyati.

"Ukianza kufumba macho," Radi alimwambia siku moja, "uniambie. Siku hiyohiyo."

"Mimi? Dada, mimi hata kope sipigi."

"Sawa. Lakini uniambie."

Dereva alimtazama, akataka kutia mzaha, akaghairi. "Haya," alisema. Akaenda kunawa baruti mikononi, na Radi akainama tena kwenye pipa.