Mashine Aliyoichagua Gracia

Tangu mwanzo sikumpenda yule Stanislas, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa na sababu kubwa. Alikuwa na adabu kupita kiasi, basi. Mtu anayeingia dukani kwangu Kampemba, hapa Lubumbashi, bila kulalamikia joto, bila kuuliza bei, bila hata kujikwaa kwenye nyaya za kamera zilizotapakaa sakafuni, huyo simwamini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Duka ni langu mimi, Mujinga, jina la kwetu Kasai. Natoa picha za pasipoti, napanga albamu za harusi, na nyuma ya pazia nimempa Gracia meza yake. Gracia ni binti wa mzee Chileshe wa kule Annexe, watu wa zamani wa hapa, waliokuwa wakilima mahindi yao kabla babu yangu hajashuka kwenye treni kutoka Kasai. Hunitania kwamba sisi tulikuja na mizigo miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa maneno. Mimi humjibu kwamba wao walitupokea wakiwa kimya kwa sababu hawakuwa na la kusema. Tunapendana sana.

Kazi yake ni montaji, kukata na kuunga video: harusi, vilio vya misiba, makwaya. Lakini kinachomtoa usingizini ni katuni, vile vitu unavyovichora vikatembea. Siku moja familia iliyofiwa ilimletea picha moja tu ya marehemu, ya zamani, imekunjika. Gracia akamfanya marehemu ageuze kichwa na kutabasamu. Nyumba nzima ililia upya, kisha wakamletea jogoo wa shukrani.

Hayo yote aliyafanya kwa kompyuta ya mitumba iliyovuliwa ubavu, feni ya nyumbani ikiipulizia ndani, na vumbi jekundu la kiangazi likiingia pamoja na upepo. Ilikuwa haibebi picha nzito. Kwa hiyo alijizoesha kufanya kazi kwa maboksi ya kijivu: nyumba ni boksi, mti ni kijiti, mtu ni kopo. Sura ya kweli ya vitu aliiona mwishoni tu, video ikishatoka. Nilimwambia anafanya kazi kama mpishi aliyefungwa macho, akacheka.

Stanislas alikuja kwa niaba ya kampuni moja ya mgodi, ambayo sitaitaja kwa sababu sitaki kuionja mdomoni. Walitaka filamu fupi ya katuni, ya kuwaonyesha wakazi jinsi mahali patakavyokuwa kampuni ikishachimba bwawa lake la maji ya mgodi. Wapi? Upande wa Annexe, alisema. Sasa Annexe inazunguka mji mzima kama pindo la kanga. Ukimwambia mtu Annexe, hajui ageukie wapi.

“Chagua mashini yenye unapenda, mademoiselle,” akamwambia Gracia. “Ya ku meza, ya nguvu. Kampuni njo italipa. Kazi ikiisha, mashini itabakia yako.”

“Yangu kabisa?”

“Yako kabisa.”

Nikaingilia, maana mdomo wangu haujui kupiga foleni. “Na ju ya nini munakuja kwetu? Ku ville kuko bastudio bakubwa.”

“Banatuambia mutoto huyu anajua kazi.”

“Nani anabaambia?”

Akanitazama kwa upole, akatabasamu, akaangalia saa yake.

Tulikwenda mjini kwa Elisée, fundi anayeunga kompyuta kipande kwa kipande. Kama kuna siku nimemwona Gracia mwenye furaha, ni siku ile. Elisée alianza kwa kumwonyesha laptop nyembamba inayong'aa, naye akaisukuma kando. Laptop ikipata joto hujipunguza nguvu yenyewe, alisema, na ikiharibika unatupa yote. Ya mezani unaifungua, unafuta vumbi, unabadilisha kipande kimoja, maisha yanaendelea. Kwa montaji alitaka kichwa, yaani prosesa, chenye uwezo wa kufanya kazi nyingi kwa mara moja, na RAM ya kutosha ili picha zisigande. Alitaka diski mbili: moja ya mbio kwa kazi ya leo, nyingine pana kwa kuhifadhi za jana. Kwa katuni, alisema, roho yote iko kwenye kadi ya picha.

“Usitie makuta yote mu carte graphique,” Elisée akamwonya asimalize pesa kwenye kadi. “Tia na mu alimentation, njo inagawaka courant. Courant ya hapa inakujaka kama mulevi, unajua siku haujui saa.”

Wakaongeza na onduleur, ile betri nzito inayoishikilia mashine umeme unapokatika. Gracia akakwama kwenye kadi mbili. Ndogo ingetosha harusi zote za Lubumbashi. Kubwa ilikuwa kubwa kweli, hata boksi lake lilitisha. Akampigia Stanislas.

“Twaa ya mukubwa,” sauti ikasema. “Na écran?”

“Moja inatosha, papa,” Gracia akajibu, akigusa skrini.

“Twaa mbili.”

Kila alichouliza, jibu lilikuwa hilo: ongeza. Mimi nimezoea wateja wanaokata bei ya picha nne za pasipoti mpaka nachoka. Mtu asiyekata bei kabisa alinitia shaka. Nilimwambia Gracia cha bure ni ghali. Huniita yaya, dada mkubwa; akaniambia yaya Mujinga, acha wivu. Nikamgeukia Elisée nikasema, mtoto akililia wembe mpe, tukacheka wote watatu, na mashine ikafungwa kwenye maboksi yake.

Dukani iliwaka bila kelele. Tulikuwa tumezoea ile ya zamani inayokoroma, kwa hiyo ukimya wake ulinifanya niende mara kwa mara kuangalia kama haijazima. Kampuni ikaleta vipimo vya ardhi vilivyopigwa kutoka juu kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Gracia angeweza kuvifungua vizima siku ileile. Lakini mazoea yana taabu. Mikono yake ilikwenda palepale ilipozoea: maboksi ya kijivu, vijiti, makopo. Juu yake akalaza maji ya bwawa.

Stanislas alikuwa akija, anasimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni.

“Mayi iko nyeusi sana. Tia bleu.”

Akatia. Akarudi tena. “Tia bleu ingine. Na babata. Na batoto pembeni, banacheza.”

Gracia aliipenda kazi ile ya maji. Alisoma jinsi mwanga unavyovunjika juu ya wimbi, akafuta, akarudia. Mpaka mimi mwenyewe, na ukali wangu wote, nilisimama nikasema bata wanapendeza. Nje wakati huo moshi wa vichaka vinavyochomwa ulikuwa umeshuka juu ya mji. Jua lilikuwa jekundu tangu asubuhi, na kila mtu alikohoa.

Jumamosi, filamu ikiwa ya kuonyeshwa kesho yake, ndipo alipofungua ardhi nzima ili atoe picha ya mwisho. Nilikuwa nakata picha za mteja. Nikasikia, “Yaya, kuja uone.” Haikuwa sauti yake ninayoijua.

Maboksi yalikuwa yamepotea. Palikuwa na mapaa, njia za miguu, mahindi makavu, kila kitu chini ya yale maji ya buluu. Alikuwa amesimamisha picha juu ya kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, na banda la kuku limebanwa ubavuni mwake. Majirani wote walishakata vichuguu vyao wakafyatua matofali. Mzee Chileshe peke yake alikataa, kwa sababu vitovu vya watoto wake vimezikwa pale chini, cha Gracia na vya ndugu zake.

Akaondoa maji. Nyumba ya baba yake ikaonekana, mlango na mti wa mparachichi. Akayarudisha. Ikazama. Akafanya hivyo tena na tena, mpaka nikamshika mkono.

“Hii ni kwetu,” akasema. “Yaya, nilikuwa nabatosa.”

Simu ya mzee ilikuwa imezima. Huichaji kwa jirani yake, mama Annie, akikumbuka. Stanislas, yeye, alipokea mara moja, kama aliyekuwa ameishika mkononi.

“Tunajua, mademoiselle,” akasema, na Gracia alikuwa ameweka sauti juu, nilisikia kila neno. “Njo maana tulikutafuta weye. Bantu banaamini mutoto wabo. Kesho ku kanisa, kisha culte, ibada ikiisha. Uvae robe ya muzuri.”

Nilimwambia afute yote. Nililipuka, nikasema niko tayari kuimwagia mashine ile ndoo ya maji kwa mkono wangu. Gracia akatikisa kichwa.

“Nikifuta, batatafuta mwingine, naye atatia bleu. Afazali niipeleke miye. Nitasema mbele ya bote.”

Akabonyeza, mashine ianze kuitoa filamu. Nilikwenda kusonga bukari, ndio ugali wetu, na kabla haijaiva filamu ilikuwa tayari.

Kesho yake ukumbi wa kanisa la kwao Gracia ulijaa majirani. Waliziba madirisha kwa vitenge, hewa ikanuka moshi na jasho. Mzee Chileshe alikaa mbele kabisa, amevaa koti lake la sherehe. Gracia alijaribu kumsogelea, lakini wazee walikuwa wamemzunguka, naye hakugeuza shingo. Hilo lilinikaa vibaya. Baba asiyemsalimia bintiye ana jambo.

Filamu ikaanza. Maji yalipotokea, watu walishusha pumzi. Bata walipopita, wanawake walipiga vigelegele. Siku zote wanateka maji kisimani kwa kamba, na pale walionyeshwa maji mengi kama mbingu. Ningelaumu nani?

“Mwenye alifanya hii,” Stanislas akasema, “hakutoka mbali. Ni mutoto wenu. Gracia ya papa Chileshe.”

Makofi yalitikisa mabati. Gracia akachukua maikrofoni kwa mikono miwili.

“Bapapa, bamama, munisikilize. Chini ya hii mayi ni hapa. Ni nyumba yetu. Ni nyumba ya mama Annie, na ya kila mutu mwenye eko hapa. Hii bleu ni miye niliitia kwa mukono yangu, banaambia nitie. Mayi ya mine haiko vile. Haina babata. Batoto habatacheza pale. Musikubali!”

Mama Annie akasimama nusu, akauliza, “Nyumba yangu?” Gracia akamwambia ndiyo, mama, yako. Nilifikiri tumeshinda. Nikamtafuta Stanislas nimwone anavyoanguka. Hakuwa akianguka. Alikuwa akimtazama mzee Chileshe tu, kwa utulivu, akingoja.

Mzee akainuka. Akamfikia binti yake, akamtoa maikrofoni mkononi kwa upole.

“Bandugu, mutusamehe. Mutoto anachoka. Kazi ilikuwa mingi, hakulala. Miye nilitoa neno langu kwa hii bantu, na niko mukubwa wa hapa.”

Kisha akaishusha maikrofoni, akamwinamia. Mimi nilikuwa karibu nao, nilisikia.

“Nyamaza, mama. Lupango, hii kiwanja yetu, nilishaitoa. Baliniuliza ninataka nini. Nikasema makuta inaishaka. Niko na mutoto anatumika kazi na mashini ya kufa. Mumupe kazi, mumupe na mashini ya nguvu, yenye atachagua yeye mwenyewe. Ukiendelea kusema batakunyang'anya mashini. Na lupango haitarudia.”

Gracia akarudi nyuma hatua moja, akaegemea ukuta. Nilitaka kupiga kelele, kumtukana mzee wa watu mbele ya madhabahu, na nilikuwa nalia tayari. Alikuwa ameuza kichuguu chenye vitovu vya watoto wake ili mmoja wao apate kadi ya picha. Na kampuni ilikuwa imepata, kwa mkupuo mmoja, mkubwa wa mahali na mtoto wa mahali.

Mzee akaenda kwenye meza ya kampuni, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi ya kukubali kutoa ardhi. Mama Annie alitazama ukuta ambapo bata bado walikuwa wakiogelea, akautazama mgongo wa jirani yake, kisha akaenda kusimama nyuma yake. Wengine wakamfuata, benchi baada ya benchi.

Mzee alirudi akijipangusa kidole kwenye leso. Alipita mbele ya binti yake bila kuthubutu kumtazama, akasimama kwangu.

“Mama Mujinga, weye ulienda naye kuinunua. Uniambie kweli. Iko na nguvu?”

“Iko na nguvu, papa.”

“Kupita ya bengine?”

“Kupita ya bote.”

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaonekana kuridhika, akaenda kukaa.